Daftari la Bimkubwa

Nyumbani kwetu Al Khuwair, Muscat, gari likianza kugonga, kila mtu huwa fundi, isipokuwa fundi mwenyewe, kwa sababu yeye hajaitwa.

Gari lenyewe ni jeupe, la Kijapani, silinda nne, na halikununuliwa kwa wakala. Ni lile kundi ambalo hapa Oman watu huliita "wared": limetoka Marekani, likapita Sharjah, likavuka mpaka na rangi mpya na saa inayohesabu maili badala ya kilomita. Aliyelisifia ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ambaye kila gari analolitazama hulitolea hukumu moja tu: "Hili zima." Tukalinunua likiwa zima, na joto lilipoanza kupamba moto likaanza na lake.

Asubuhi likiwashwa, mlio wa tk-tk-tk ulitoka juu ya injini, na ukikanyaga mafuta unakwenda mbio sambamba na mguu wako. Baba watoto akasema hizo ni nozeli za petroli, magari yote ya siku hizi hulia hivyo. Kijana wetu, aliyefikia umri wa kujua kila kitu, akasema gasketi ya bomba la moshi inavuja. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bimkubwa, alitoka uani na kanga yake begani, akasimama mbele ya boneti, akasikiliza. Huyu alikuwa akishonea watu nguo Ng'ambo, Unguja, kabla ya kuja Muscat miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliotoka Afrika Mashariki.

"Hii cherehani kavu," akasema. "Itieni mafuta."

Wanaume wakatabasamu kwa adabu, na Bimkubwa akarudi ndani.

Aliyesikilizwa ni shemeji. Alikuja Ijumaa kabla ya chakula, na kopo la lita 4 la oili nzito, 20W-50, akiwa na hoja iliyoshiba. Oili nyepesi, alisema, wametengenezewa watu wa baridi. Sisi tuko Oman, ambako tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, mwendo mfupi tu kutoka hapa, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 hata usiku, na dunia nzima ikaandika. Oili nyepesi katika joto hilo si itakuwa maji ya kunawa?

Kijana akajaribu kumjibu kwamba injini ina thamostati na maji ya kuipoza, kwa hiyo ikishapata moto huwa karibu na nyuzi 90, iwe Muscat au London, na kwamba kitabu cha gari kinataka 5W-30. Akaambiwa akalete maji ya kunawa mikono. Oili nzito ikamiminwa, gari likawashwa, na kweli likanyamaza. Tulikula pilau siku hiyo kama walioshinda kesi.

Oili nzito hunyamazisha kwa njia nyepesi kueleweka. Chuma kilicholika huacha nafasi, na oili nzito huijaza ile nafasi, hivyo vyuma havigongani kwa sauti. Lakini haikirudishi chuma kilichopotea, na asubuhi, injini ikiwa imelala, huchelewa kupanda hadi kwenye valvu juu kabisa, mahali penye kiu kuliko pote. Kwetu ilifanya jambo moja baya zaidi: iliondoa sababu ya mtu yeyote kufungua boneti.

Halafu ikaja harusi ya Nizwa. Ni kilomita 160 hivi, barabara nzuri, na gari lilikuwa limejaa: mimi, baba watoto, watoto nyuma na Bimkubwa kiti cha mbele, halua mapajani. Tulipokaribia Fanja, barabara inapoanza kuingia milimani, mlio ukarudi, mara hii bila haya. Nikageuka nyuma, nikaona moshi wa buluu unatufuata.

"Mwanangu," Bimkubwa akamwambia mwanawe, "mbona birika limewaka?"

Kwenye dashibodi palikuwa na kijitaa chekundu chenye umbo la birika la kahawa, na tone likidondoka mdomoni.

"Taa tu hiyo, Mama."

"Naiona kuwa taa. Inasema nini?"

"Presha ya oili imeshuka."

Pale ndipo alipokosea baba watoto, kumtajia presha mtu mwenye presha. Bimkubwa anajua vizuri kwamba presha haipuuzwi hadi ufike harusini. "Simamisha gari," akasema, na sauti ile tunaijua. Akasimamisha, akazima.

Na kwa kweli aliliokoa gari. Kijitaa kile hakipimi oili iliyobaki. Kinapima kama pampu ina cha kusukuma. Kikiwaka, vyuma vinakaribia kusagana vikavu, na injini huweza kufa kwa dakika chache za ukaidi. Ile tk-tk-tk nayo ilikuwa na maelezo yake: katika injini nyingi, tapeti zinazobonyeza valvu hujazwa oili ili zisiache nafasi, na oili ikipungua huwa tupu, zikagonga. Kwa hiyo kelele na kiu havikuwa maradhi mawili. Kiu ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele.

Bimkubwa akatoa karatasi laini mkobani. Baba watoto akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Karatasi ilitoka nyeupe ilivyoingia. Tukanunua oili kituo cha petroli, tukaingiza lita 2 ndipo kijiti kikalowa hadi alama ya chini. Harusini tulifika bwana harusi keshaondoka.

Kesho yake Bimkubwa akatwaa madaraka. Ana daftari lenye jalada la kijani ambamo huandika presha yake na sukari yake kila alfajiri, tangu daktari alipomwambia kwamba maradhi yasiyoandikwa hayatibiki. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake: GARI. Kijana akateuliwa karani, mwenye kazi ya kugeuza maili kuwa kilomita. Kila alfajiri, baada ya kusali, wawili hawa walitoka uani gari likiwa limelala mahali palipo sawa, kijiti kikachomolewa, kikapanguswa, kikarudishwa, kikasomwa. Kutoka alama ya juu hadi ya chini kwa kawaida ni kama lita moja, na Bimkubwa aliigawa lita hiyo kwa jicho la fundi nguo.

Usiku aliamuru kadibodi itandikwe chini ya injini. Asubuhi ilikuwa safi, haina hata tone. "Basi haivuji," akasema. "Inanywa." Daftari likatoa jibu: lita 1 kila kilomita 700. Shemeji alipoambiwa akasema hiyo kawaida. Ni kweli kwamba wapo watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vyao kwamba lita 1 kwa kilomita 1,000 inavumilika, lakini 700 si 1,000, na Bimkubwa alimwonyesha kwa kidole.

Ndipo fundi akaitwa, au tuseme tukampelekea gari, Wadi Kabir, kwenye mitaa ya gereji karibu na Ruwi. Ni mzee Mpakistani anayesema Kiarabu cha gereji, na Bimkubwa ana Kiarabu cha sokoni, wakaelewana kuliko sisi wote. Alipoona daftari, fundi akaacha spana. Akalisoma kutoka juu hadi chini, akasema wateja wake humletea kelele. Huyu wa kwanza kumletea hesabu.

Akafungua plagi: tatu kavu, ya nne nyeusi na imelowa. Akapima nguvu ya kila silinda, na vipimo vikatoka vizuri, vyote vinne vimelingana. "Si nilisema zima?" akasema shemeji, aliyekuja kushuhudia. Fundi akatikisa kichwa. Akachora pistoni kwenye kisanduku cha karatasi. Ringi ni tatu. Mbili za juu huzuia mlipuko usipite, na hizo ndizo tulizozipima. Ya tatu kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo. Matundu yale yakiziba kwa masizi, ringi ya tatu inakwama, oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Ndiyo sababu gari linaweza kuwa na nguvu zake zote na bado likanywa.

Lakini alianza na kilicho rahisi. Alichomoa kivalvu kidogo, kama urefu wa kidole gumba, ambacho injini hupumulia. Kikiziba, pumzi ya ndani hutafuta njia nyingine na huondoka na oili. Alikichukua kipya, akakitikisa sikioni mwa Bimkubwa: kikagonga, tik-tik. Akakitikisa kile chetu: kimya.

"Lo!" akasema Bimkubwa, akamgeukia mwanawe mdogo. "Kumbe kinachotakiwa kugonga ndicho kilichonyamaza, na nyinyi mlikuwa mnashughulika kunyamazisha vingine."

Kivalvu kikabadilishwa kwa rial chache, oili nzito ikamwagwa, ikatiwa 5W-30 kama kitabu kinavyotaka. Daftari likapanda hadi lita 1 kwa kilomita 1,100. Nafuu, si uzima. Zilizobaki zilikuwa ringi.

Baraza likakaa. Baba watoto alitaka kuendelea kuongeza oili hadi siku ya kuuza. Shemeji alitaka injini iliyotumika kutoka Sharjah, "zima." Kijana akasema injini ya namna ileile itakuja na ringi za namna ileile, na safari hii hakutumwa maji. Mimi nilikumbusha kwamba mulkiya, yaani usajili wa gari, inakaribia kwisha, na kwamba gari kuukuu kama letu hupimwa kwanza. Moshi wa buluu hausemezani na mkaguzi. Bimkubwa alisubiri wote tumalize, akasema zamu yake ya mchezo wa fedha imefika mwezi huu, fedha ipo, injini ifunguliwe. Sharti lake moja: ufunguo wa gari utakaa kwake, pamoja na daftari.

Injini ikafunguliwa. Pistoni zilitoka na matundu yaliyozibwa kabisa, fundi akayazibua moja moja, akaweka ringi mpya, na kwa kuwa iko wazi akabadilisha na sili za valvu. Sasa kijiti hakishuki hata robo lita kutoka mwago mmoja wa oili hadi mwingine. Gari limepita ukaguzi. Asubuhi husikii kitu isipokuwa kunguru.

Aliyeumia ni shemeji, ambaye alizoea kuazima gari letu kwenda Sohar. Alipokuja tena kuomba ufunguo, Bimkubwa alivaa miwani, akafungua ukurasa wa GARI na kumsomea kila safari aliyoifanya tangu daftari lianze, kilomita zake, na oili iliyonywewa njiani. Shemeji akajitetea kwamba yeye ndiye aliyeleta lile kopo la Ijumaa.

"Nimeliandika, mwanangu. Lita 4, upande wa kulia," akasema Bimkubwa. "Nimeitoa katika deni lako. Imebaki lita 3."

Shemeji akaenda dukani, akarudi na makopo matatu. Kabla hajayaweka chini, Bimkubwa aliyapokea moja moja na kuyageuza, akasoma namba ubavuni, kisha akampa ufunguo na kalamu atie saini.