Kwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Kukodisha Mababu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naomba nijitambulishe, maana kwenu mimi ni tarakimu 16 tu za kadi ya benki. Nimezaliwa Mombasa, ninaishi Boston, na nimeoa binti wa hapahapa ambaye baba yake, kabla hujakaa vizuri kitini, huwa ameshakuambia kwamba damu yao ni ya Ireland tupu. Jina la kampuni yenu sitalitaja. Ninyi mnalijua, na mimi nimeliona vya kutosha kwenye taarifa zangu za benki.

Kisa kilianza na shangazi zangu. Nilipopiga simu nyumbani kusema nimepata mchumba, hakuna aliyeuliza anafanya kazi gani. Waliuliza, "Wa nani huyo?" Nikajibu, wa Walsh. "Walsh wa nani? Wa wapi?" Nikamwendea baba mkwe kwa adabu, naye akanihesabia: baba yake, babu yake, baba wa babu yake, kisha mzee mmoja Patrick aliyeikimbia njaa ya viazi kaunti ya Mayo. Hapo akakoma. Patrick alizaliwa na nani, kitongoji gani, parokia gani, hajui, na baba yake hakujua. Shangazi mkubwa alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Masikini. Watafutie watu wao."

Ndipo nilipowaona ninyi. Tangazo lenu lilisema babu anapatikana kwa siku 14 bila malipo. Siku ya 15 mimi nilikuwa bado nimelala, kadi yangu ikawa imeshaamka.

Nawapongeza kwa ubunifu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulidhani tumeyaona yote: bando la siku, bando la wiki, bando la usiku wa manane kwa wasiolala. Bando la marehemu tulikuwa hatujaliona. La bei ya chini linamhusu marehemu aliyefia Marekani. Akiwa alizaliwa ng'ambo, kama walivyo takribani marehemu wote wanaotafutwa katika mji huu, inabidi mtu apande kifurushi cha dunia nzima. Nikapanda. Nikapata orodha ya abiria wa meli, na ndani yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, Patrick Walsh, kibarua, atokako: Ireland. Hilo nilikuwa nimeambiwa bure na baba mkwe.

Mkaniahidi zaidi. Kengele nyekundu ikawa inalia kila asubuhi: tumempata! Kweli, mlimpata. Mlimpata tena na tena, wengi kuliko samaki wa dema, maana Patrick Walsh katika Mayo ni kama Juma Hamisi katika Tanga. Kati yao mlinichagulia mmoja kutoka katika tathmini ya Richard Griffith, ule mpango mkubwa wa kukadiria ardhi na nyumba za Ireland kwa ajili ya kodi, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864. Kitabu kile kinamtaja mpangaji, mwenye shamba, ukubwa wa shamba na thamani yake. Mke hayumo, watoto hawamo, umri haumo. Na Mayo ilifikiwa katika miaka ya 1850, wakati Patrick wetu, kwa kumbukumbu ya familia, alishapanda meli mwaka 1848. Kwa hiyo mliniuzia mtu aliyehamia Boston lakini akaendelea kudaiwa kodi ya shamba alikotoka. Nimewahi kusikia sifa za wapangaji waaminifu, ila huyu amezidi.

Halafu kuna suala la ritifaa. Mke wa Patrick familia inamkumbuka kwa jina la ukoo tu, O'Malley. Nikaandika O'Malley, mtambo ukasema hayupo. Nikaondoa ritifaa, akatokea mmoja. Nikaacha nafasi, wakatokea wengine. Nikaandika Malley bila O, ukoo mzima ukamwagika. Makarani wa enzi hizo waliandika Kiingereza huku wakimsikiliza mtu anayesema Kiairishi, ambamo jina ni Ó Máille, na kila mmoja aliandika alichodhani amesikia. Mtu ambaye lugha yake ina ng'ombe na ng'ambo angeweza kuwaeleza wahandisi wenu kwamba kialama hicho kidogo hakichezewi. Hamkuuliza.

Lakini hayo ni makosa ya mtambo, na mtambo hauna mama. Ninalotaka kulisema hasa ni lile mnalolijua na hamlisemi.

Kila nilipotafuta nyumba ya akina Walsh ya kabla ya njaa, mlinijibu: "Hatujapata matokeo. Jaribu tahajia nyingine." Nikajaribu tahajia nyingine miezi saba. Bwana Mkurugenzi, ni tahajia gani itakayouzima moto wa 1922?

Maana Ireland ilihesabu watu wake mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851, na madaftari yakahifadhiwa Dublin, katika Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, kwenye majengo ya mahakama yanayoitwa Four Courts. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa na siku chache tu, majengo yale yaliyokuwa yakipigwa mizinga yalilipuka na kuungua. Karatasi za karne kadhaa zilirushwa angani, vipande vikadondokea mitaani Dublin, na wapita njia wakaviokota. Sensa hizo nne zikaenda, isipokuwa mabaki machache. Zikaenda pia zaidi ya nusu ya sajili za kanisa la Kianglikana la huko, zilizokuwa zimepelekwa pale ili ziwe salama. Na asije mtu akadhani moto ndio mwovu peke yake: sensa ya 1861 na ya 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi ilipoadimika. Mwaka 1921 hawakuhesabu kabisa, nchi ilikuwa vitani. Sensa za kwanza zilizobaki nzima ni ya 1901 na ya 1911.

Sasa pima mwenyewe. Njaa ilianza 1845 na kuendelea hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, zaidi ya milioni nyingine wakahama. Nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 ilibaki na kama milioni 6 na nusu miaka kumi baadaye. Vitukuu na vilembwe wa hao waliohama ndio wateja wenu wakubwa, na karatasi wanayoitaka hasa, ile inayoonyesha familia imeketi nyumbani kabla haijatawanyika, ndiyo iliyogeuka majivu. Ninyi mmeweka kisanduku cha kuitafutia, na kitufe cha kijani.

Naja kwenye umri, na hapa naomba utulie, maana ndipo ninapowapenda Waairishi kwa dhati. Mtambo wenu ulimkataa mdogo wake Patrick aliyebaki Mayo. Sababu: mwaka 1901 ana miaka 60, mwaka 1911 ana 74. "Huenda si mtu huyuhuyu," mkaandika. Ndiye! Mwaka 1908 Bunge la London lilipitisha sheria ya pensheni ya uzeeni, hadi shilingi 5 kwa wiki kwa fukara aliyefikisha miaka 70, na malipo yakaanza Januari 1909. Uandikishaji wa vizazi Ireland ulianza 1864 tu, kwa hiyo hakuna mzee aliyekuwa na cheti. Nchi nzima ikazeeka kwa pamoja. Hoja moja ya kuthibitisha umri ilikuwa kwamba mtu anaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, tufani iliyoezua mapaa usiku wa tarehe 6 Januari 1839. Aliyeukumbuka upepo ule alistahili shilingi tano. Inaelekea waliukumbuka hata waliokuwa hawajazaliwa. Kwetu wazee walihesabu kwa mwaka wa nzige na mwaka wa ndui, na mtambo wenu ungewakataa wote. Mhandisi wenu anaamini binadamu huzeeka miaka kumi kila baada ya miaka kumi. Ni dhahiri hajawahi kuiona serikali ikigawa pesa.

Wala si Waairishi peke yao. Pwani yetu enzi ya Mwingereza, kuandikwa Mwarabu badala ya mwenyeji kulikuwa na heshima na nafuu zake mbele ya serikali, na si koo chache zilizokumbuka ghafla kwamba zina babu wa Muscat. Tunaijua biashara hii, Mheshimiwa. Tofauti ni kwamba babu yule hakutozwa kwa mwezi.

Najua utanijibu kwa Obama. Wote hunijibu kwa Obama. Kweli, mtoto wa mtu wa Kogelo ni kining'ina wa Falmouth Kearney, kijana wa Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyeondoka mwaka 1850. Mwezi Mei 2011 rais akafika kijijini, akanywa bia, kisha akawatania watu wa Dublin kwamba amekuja kuitafuta ritifaa yake iliyopotea njiani. Leo kando ya barabara kuu pale kuna kituo cha mafuta na vyakula kinachoitwa Barack Obama Plaza. Kogelo wakisikia, wataomba nacho chao. Lakini familia ya Kearney ilithibitishwa kwa sajili za kanisa ambazo kasisi wa hapo alizipekua kwa mikono yake. Haikuwa kengele nyekundu.

Nami nitakujibu kwa Annie Moore. Huyu ni msichana wa Cork aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, tarehe 1 Januari 1892. Ana sanamu Cobh na ana sanamu New York. Na kwa miaka mingi Marekani nzima iliamini alihamia Texas akafia huko, hadi mwaka 2006 ilipobainika kwamba yule wa Texas ni Annie Moore mwingine kabisa, mzaliwa wa Marekani, na wetu hakuwahi kutoka Manhattan. Kama binti mwenye sanamu mbili alichanganywa na mwenziwe, mnapata wapi ujasiri wa kuniandikia "uhakika: mkubwa sana" kuhusu kibarua asiye na hata jiwe la kaburi?

Miti ya wateja wenzangu sitaki kuizungumzia sana. Niligusa mmoja ambamo mama alizaliwa miaka minane baada ya mwanawe, na watu walishaunakili, kila mmoja akimtaja mwenziwe kuwa ndiye ushahidi. Mwingine, wa bwana mmoja wa Ohio, una jina la baba mkwe. Kanuni zenu zinasema walio hai hufichwa kwa ajili ya faragha. Tulipomwona hadharani, na tarehe juu yake, tukaelewa kwamba mmeshamzika. Alikuwa jikoni wakati huo, anamenya viazi.

Sasa, siku moja nilisahau neno la siri la akaunti yenu, na kwa hasira nikaanza kutafuta nje ya ukuta wenu. Ndipo nikaona. Sensa ya 1901 na ya 1911 zimo kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland, bure. Vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya miaka 75 na vifo vya zaidi ya miaka 50 vimewekwa na serikali, bure. Griffith, bure. Sajili za parokia za Kikatoliki zilifunguliwa na Maktaba ya Taifa Julai 2015, bure, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ukungu na Kilatini cha padri aliyemgeuza kila Patrick kuwa Patricius. Hata fomu za wale wazee wa pensheni, walioomba makarani wawatafutie majina yao katika sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua, zimebaki na ni bure, na ndani yake mna vipande vya sensa zilizokufa. Tangu Juni 2022 kuna pia hazina ya mtandaoni inayoijenga upya ofisi iliyoungua, kwa nakala zilizookotwa kutoka maktaba za dunia. Bure.

Sikatai kwamba faharasa ni kazi na kazi ina ujira. Mtu aliyekaa akasoma mwandiko wa padri aliyeandika akiwa juu ya farasi, alipwe. Ninachokataa ni kuuziwa maji nikiwa nimesimama kisimani, na muuzaji amesimama makusudi kunikinga nisikione kisima.

Kwa hiyo naomba hivi. Pale mbele mlipoandika "siku 14 bure", andikeni kwa herufi za ukubwa uleule kwamba sensa za kabla ya 1901 hazipo, isipokuwa mabaki machache, na kwa nini hazipo, na kwamba zilizopo Ireland inazitoa bure. Na mnirudishie fedha za miezi saba.

Patrick bado sijampata. Nimepata ukurasa mmoja wa ubatizo wenye doa la maji, Patricius, jina la baba halisomeki vizuri. Shangazi mkubwa amesema tufungishwe ndoa hivyohivyo, nasi tumefungishwa.

Wenu katika kulipa,
Mkwe wa akina Walsh,
Boston.

N.B. Baba mkwe ameisoma barua hii kabla sijaituma. Ameona haya kidogo, kisha akakiri kwamba naye ana akaunti kwenu, mwaka wa tatu huu, anamtafuta Patrick huyuhuyu. Kwenye mti wenu alifariki mwaka 2009. Kadi yake mmeitoza juzi.