Mwongozo wa Kwenda Kuhesabiwa

Kila Desemba watu wa Dar es Salaam huulizana Wachagga wanakimbilia nini kwao Moshi, na jibu la kijiweni halijabadilika: wanakwenda kuhesabiwa. Nimetaniwa kwa neno hilo tangu niko sekondari. Nilikuwa nakasirika, mpaka siku moja ya mkesha nikaisikiliza vizuri ile habari ya Luka. Kaisari Augusto ametoa amri watu wote waandikwe, kila mtu kwao. Yusufu akafunga safari kutoka Nazareti na mchumba wake mjamzito hadi Bethlehemu, kwenye mji wa ukoo wake, na alipofika akakuta pa kulala pamejaa. Kumbe Krismasi ya kwanza yenyewe ilikuwa safari ya kwenda kuhesabiwa! Anayebaki Sinza na chipsi kuku wake ndiye anayetakiwa kujieleza.

Basi kwa wewe shemeji mpya, mkwe, au rafiki uliyeambiwa "twende wote" na mtu aliyedhani utakataa, utaratibu ni huu.

Usikate tiketi mapema. Wenye akili hukata Oktoba, lakini hao hawana cha kusimulia. Wewe subiri tarehe 22, kisha utokee stendi ya Mbezi Luis na mabegi matatu, ndoo, na mtoto aliyelala. Wapiga debe watakupokea kama ndugu aliyepotea. Nauli ikitajwa usishtuke, maana ukionekana mgeni inapanda tena. Basi lenyewe usilikague sana. Huenda hadi juzi lilikuwa la wanafunzi. Treni ya Moshi nayo ipo, ilirejea Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kuota majani, ila ina kasoro moja kubwa: huwezi kuipaki mbele ya kanisa.

Na hilo la kupaki ndilo hasa. Kama una gari, nenda nalo. Kama huna, azima. Kuna kilomita 550 hivi, na karibu kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya mwembe yuko askari na tochi. Faini ni shilingi 30,000. Ukipigwa tochi tano umeshamlipia mbuzi, kwa bei ya kabla ya Desemba. Pale Segera nunua machungwa, hata kama hakuna anayeyahitaji. Ukifika Himo, simama uoshe gari. Najua linakwenda kuparamia tope baada ya robo saa. Osha tu. Jirani wa kwanza kukuona hatakumbuka tope, atakumbuka kwamba pale kona ya kanisani liling'aa.

Sasa mbege. Utapewa kata, na kitu ndani yake kitakuwa cha rangi ya udongo, na kitakuwa kinapumua. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na ulezi uliooteshwa, na magome ya msesewe ya kuleta uchungu. Mpishi ataonja kwanza ili ujue hakuna sumu, kisha kata itapita kwa wazee. Ikikufikia, kunywa. Usipanguse mdomo wa kata, na usiseme inafanana na uji uliolala. Kuna mgeni alishasema hivyo. Alikuwa sahihi, na hajaalikwa tena.

Kuhusu nyama, nakuomba utulie. Mbuzi wa mjini ni kitoweo. Mbuzi wa kwetu ni katiba. Kila kipande kina mwenyewe: cha wazee, cha akina mama, cha wajomba, cha aliyechinja. Wewe utaanza na kisusio, supu yenye damu, na usiulize chochote mpaka bakuli liishe. Halafu subiri uwekewe. Shemeji yangu mmoja, mtu wa Lindi, mpole kabisa, alinyoosha mkono kwenye sinia akachukua kidari. Kwetu kidari kilikuwa cha baba mkubwa. Pale chini ya mgomba pakawa kimya mpaka ukawasikia kuku. Baba mkubwa akamwangalia, akasema, "Kula, baba, umeshakishika." Ni miaka tisa sasa. Jina la shemeji ukoo mzima umelisahau. Anaitwa Kidari, na watoto wake ni wa Kidari.

Tarehe 25 ni kanisani, na hapa ndipo pesa zako zitakapoishia. Wamisionari wa Leipzig walipofika mlimani kwetu mwaka 1893 walituletea Luka. Mnada nadhani tuliongeza wenyewe. Ibada ikiisha mnatoka nje, na zile sadaka zilizoletwa kwa mikono zinaanza kunadiwa: jogoo aliyefungwa miguu, mayai kwenye kikapu, mkungu, miwa. Mwaka juzi lilitoka boga. Boga la kawaida, sokoni shilingi 2,000. Binamu zangu wawili, ambao wanagombania mpaka wa shamba tangu babu afariki, wakaanza kupandishiana. Boga likafika 60,000. Aliyeshinda akalinyanyua watu wamwone, kisha kwa unyenyekevu mkubwa akalirudisha linadiwe upya. Mchungaji alifumba macho. Sina hakika kama alikuwa anaomba. Ushauri wangu: simama nyuma ya mtu mnene na usijikune, mkono ukienda juu umenunua.

Mpaka wenyewe utauona tarehe 26, siku ya kikao cha ukoo, mtakapozungushwa kihambani. Kihamba ni migomba, kahawa iliyosahaulika, na makaburi ya babu zetu katikati yake. Wapelekwe watoto wayaone na waambiwe nani amelala wapi. Pembeni kumepandwa masale. Jani hilo hilo linaloonyesha mpaka ndilo kwa mila yetu unamletea mtu uliyemkosea, na akiletewa si rahisi kukataa kusamehe. Naona wazee walipanda msamaha pale pale walipojua tutagombana. Kikaoni usitoe hoja. Ukitoa hoja unachaguliwa mweka hazina.

Nimeruka kufika, kwa makusudi. Utakuwa umejiandaa: mchele, sukari, mafuta, kanga mbili, bahasha. Njiani utakuwa umepanga vitangulie vipi kushuka garini. Bibi utamkuta kwenye kigoda mlangoni pa jiko anamenya ndizi za machalari, vidole vyeusi kwa utomvu, kisu kimelika kwa kunolewa hadi kimekuwa chembamba kama jani la mgomba lililochanika. Utasalimia, "Shimbonyi, bibi." Atakuitikia bila kuinua kichwa. Kisha atauliza, "Umekuja na nani?"

Sikiliza vizuri: nani, si nini. Nimeona watu wazima wenye vyeo vyao wanaanza kujibu, "Nimekuja na mchele…" Bibi ananyamaza na kuendelea kumenya. Anauliza nani. Utaje mkeo, utaje watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na yule ambaye hakuja utaje sababu, na sababu iwe nzuri. Kila jina likitajwa ndizi moja inatumbukia kwenye sufuria. Mwaka ule kaka yetu wa Mwanza alipokosa kuja kwa sababu ya kazi, ndizi yake aliitumbukiza hivyo hivyo.

Kuondoka ni tarehe 28, mwenyeji wako akitaka kuwahi kuifungua biashara yake, maana huko mtaani wamechoka kukuta duka la Mangi, yaani la Mchagga wao, limefungwa na hawana chumvi. Buti litajazwa mkungu, maparachichi, na dumu la mbege ambalo utaonywa ulegeze kifuniko na hutalegeza, na litapasukia Same kwenye joto. Usikatae kitu. Mkungu utaiva wote kwa siku moja na utalazimika kuligawia jengo zima.

Usiku simu italia. Ni bibi, anapiga kwa simu ya jirani, salio ni la kukimbizana nalo. Atauliza kama mmefika. Usimjibu "tumefika wote." Hesabu ya jumla haitaki. Anza na mkeo, kisha watoto, kwa mpangilio.