Daftari la Mkaguzi Mkuu

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, kabla hujafika Soni, barabara inajikunja ubavuni mwa mlima na upande wa pili ni korongo. Hapo ndipo gari letu lilipoanza kumisi. Ndani tulikuwa sita: mimi kwenye usukani, mke wangu kando yangu amempakata Redio Mbao, binti yetu wa miaka mitano, na kiti cha nyuma shangazi yangu, shemeji, na mwanangu mkubwa aliyebanwa katikati akiwa amekumbatia sufuria mbili za kuazima za harusi. Gia ya pili, mguu wangu umekanyaga mafuta mpaka chini, na gari linakwenda kwa kushtuka kama mtu mwenye kwikwi.

"Tu-tu-tu-pa," akasema Redio Mbao. "Baba, gari inasema tu-tu-tu-pa."

Nikamwambia anyamaze, baba anaendesha.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1997, hii ambayo mafundi wanaiita 110, injini 5A-FE, lita moja na nusu, silinda nne. Usiku ambao Redio Mbao alitaka kuzaliwa, saa nane, mvua ya Tanga inamwagika, ndilo lililotufikisha hospitali. Tangu siku hiyo mke wangu analiita Mkunga. Mtu akileta habari za kuliuza, chakula cha usiku kinachelewa, na mwenzangu mwenye familia unajua maana yake.

Sasa, kumisi ni nini? Silinda nne zinafanya kazi kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, kisha zamu inaanza upya. Kila moja inapofika zamu yake inahitaji hewa, petroli, mgandamizo na cheche kwa wakati. Kimoja kikikosekana, ile silinda inanyamaza na tatu zilizobaki zinaburuta mzigo. Ni kama watu wanne waliobeba kitanda cha mgonjwa, halafu mmoja akaachia mkono. Hawasimami, lakini mgonjwa anajua.

Harusini tulifika, sufuria zikafika, bibi harusi akapendeza. Tatizo likarudi nasi nyumbani Tanga na kukaa miezi miwili, na kila mtu wa nyumba hii akawa na maelezo yake. Shemeji Najua, mdogo wake mke wangu, alisema ni petroli iliyochakachuliwa. Wiki iliyofuata akasema injini imekufa, tushushe, tununue ya mtumba. Shemeji Najua hajawahi kumiliki hata baiskeli, ila ana sauti ya mtu aliyezaliwa gereji. Shangazi alisema ni jicho: tulipopita Korogwe kuna mtu alitutazama sana. Mwanangu, tunayemwita Profesa kwa sababu anauliza swali juu ya jibu, alitaka kujua kwa nini gari halina maji ya kunywa ndani, maana mtu mwenye kwikwi hupewa maji.

Fundi wetu wa mtaani, mzee mtaratibu, alianza na plagi. Akatoa nne za zamani, akaweka mpya, Mkunga likatulia kabisa. Nikalipa kwa furaha. Baada ya siku kadhaa, asubuhi ya kuwapeleka watoto shule, tu-tu-tu-pa. Safari ya pili tukabadilisha kifuniko cha distributa, na plagi zikatolewa zikasafishwa. Likapona. Likarudi. Safari ya tatu tukaosha nozeli na kubadilisha chujio la petroli, plagi zikakaguliwa tena. Likapona. Likarudi.

Katikati akaja kijana mwenye mashine ya kupimia. Akatafuta pa kuichomeka chini ya dashibodi hadi akalala chali, na hakupata, kwa sababu magari mengi ya Japani ya miaka hiyo hayana tundu hilo. Mzee wa gereji akacheka taratibu, akafungua kiboksi kidogo kwenye boneti, akaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikaanza kumeta. Kila tatizo lililorekodiwa lina idadi yake ya kumeta. Profesa alikaa kwenye usukani akihesabu kwa vidole, amekunja uso kama mwamuzi. Taa ikameta mfululizo, sawasawa, bila kupumzika. Maana yake, kompyuta haioni kosa lolote. Injini kama hizi hazijui kulalamika kwamba silinda imenyamaza.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nimechoka mno.

Hapa lazima nikueleze kuhusu mke wangu. Nyumbani tunamwita Mkaguzi Mkuu. Ana daftari lenye jalada gumu, na tangu tulipooana kila shilingi inayotoka humu ndani inaandikwa: nyanya, vocha, sadaka, mchango wa msiba. Nimewahi kuulizwa habari za soda ya mwaka juzi. Usiku ule aliniita mezani. Taa ilikuwa imezimwa na mita ya luku, basi alikuwa anasoma kwa tochi ya simu.

"Baba watoto, njoo uone."

Akaniwekea kidole kwenye mistari. Tarehe ya kwanza, plagi. Siku kumi baadaye, bajaji ya watoto kwenda shule. Tarehe ya pili, kifuniko. Siku tisa, bajaji. Tarehe ya tatu, nozeli. Siku kumi na mbili, bajaji.

"Mmebadilisha vitu vitatu tofauti," akasema, "na kila mara limepona siku zile zile. Basi si hivyo vitu. Kuna jambo mnalifanya kila mara na hamliandiki. Mkishatoa plagi, mnafanya nini kingine?"

Nikakaa kimya, kisha nikampigia mzee wa gereji usiku ule ule. Akasema: "Napuliza matundu kwa upepo, nafuta kwa kitambaa." Halafu na yeye akanyamaza.

Jumamosi alikuja uani kwetu. Injini ikiwa inaunguruma, akawa anachomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, maana ile cheche inarusha mtu. Ya kwanza: gari likatetemeka. Ya pili: likatetemeka. Ya tatu: hakuna kilichobadilika. Ya nne: likatetemeka. Akazima, akahamisha plagi ya tatu kwenda ya kwanza. Bubu alibaki kuwa silinda ya tatu. Plagi haikuwa na hatia.

"Tu-tu-tu-pa," Redio Mbao akamkumbusha. Mzee akamtazama. "Huyu alikwambia tangu mlimani," akaniambia. "Tatu zinafanya kazi, moja hapana."

Akachomoa waya wa tatu taratibu na kunionyesha. Mpira wake wa chini ulikuwa umelowa oili nyeusi, umevimba na kulainika kama andazi lililoloweshwa chai, na ubavuni una mstari mwembamba mweusi kama wa penseli. Hiyo ndiyo njia ya cheche kutoroka. Nikamulika tochi ndani ya tundu la plagi: oili inang'aa chini kama maji ya kisima.

Kumbe plagi za injini hii zinakaa ndani ya mirija inayopita kwenye tapeti kava, na juu ya kila mrija kuna pete ya mpira inayozuia oili. Baada ya miaka mingi ya joto, mpira unakakamaa na oili inapenya tone kwa tone. Ikishajaa pamoja na vumbi hadi kwenye mpira wa waya, cheche inaona njia fupi ya kukimbilia kwenye chuma badala ya kuwasha petroli. Mlimani inazidi, kwa sababu silinda yenye mzigo inadai umeme mkali zaidi. Na kila tulipofungua plagi na kufuta, tulijinunulia siku kumi za ukavu.

Mzee akapima mgandamizo: silinda zote nne zilikaribiana. Shemeji Najua akapokea habari hiyo kimya, akaenda kunywa maji.

Nikanunua gasketi ya tapeti kava, pete nne na seti ya waya. Tulipofika kwenye kufunga, pete zilikuwa tatu. Tukapekua uani, tukamwinua shangazi kwenye mkeka, Profesa akachungulia mdomo wa paka. Ya nne ilikuwa kiunoni mwa mwanasesere wa Redio Mbao, imekaa vizuri kama mkanda, na kuivua kuligharimu machozi na ahadi ya pipi. Wakati huo mzee naye alikuwa ameshafutia oili kanga iliyokuwa kambani, kumbe ni ile ya harusi ya Lushoto. Nikaenda dukani kununua doti mpya kabla sijaambiwa.

Mwezi uliofuata tukapanda tena kumsalimia mama mkwe, ambaye wajukuu wanamtania kwa jina la Bibi Kabichi kwa sababu hakuruhusu uondoke mikono mitupu. Kona za Soni tukazipita gia ya pili, Mkunga linavuta bila kwikwi, na Redio Mbao akalala usingizi mlima mzima. Tulipokuwa tunateremka kuna kitu kikaanza kugonga nyuma. Shemeji Najua akasema shokapu. Shangazi akaanza dua. Mke wangu akaniambia nisimamishe, akateremka, akafungua buti, akayapanga upya makabichi mawili makubwa ya mama yake na kuyazuia kwa ndoo ya mafyulisi. Akarudi kitini, akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika tarehe.