Kadi, Kijisanduku na Kitambaa cha Mama Mkwe

Sebuleni kwetu kuna kabati la runinga ambalo mke wangu aliliagiza kwa seremala wa Keko kabla hatujaoana. Chini lina tundu la kuwekea deki. Deki zilishakufa siku nyingi, na tundu likabaki makazi ya rimoti zisizo na wenyewe. Siku moja nikalitazama, nikapata wazo, na mawazo yangu huwa yananigharimu.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Nitafute kompyuta ndogo, niichomeke kwenye runinga kwa waya wa HDMI, familia iangalie filamu, na mimi na mpwa wangu tucheze mpira kwenye kioo kikubwa kama waungwana. Nikapata mtumba wa ofisini, mwembamba, sentimita tisa na ushee, ukilala unafanana na daftari la mahudhurio la shule. Ukaingia kwenye tundu kama ulizaliwa humo.

Filamu zilikwenda vizuri. Gemu ndiyo ikaleta maneno. Mashine ile ilikuwa inategemea picha za ndani ya prosesa yake, na prosesa ya ofisi ilifundishwa kuchora majedwali ya mishahara. Golikipa alikuwa anaruka leo, mpira unaingia kesho.

"Mjomba, hii inataka kadi ya picha," mpwa wangu akasema.

Nikaenda Kariakoo peke yangu, kwa sababu mtu mzima haongozani na mtoto wa kidato cha tatu kwenda kununua kitu.

"Ya gemu?" muuzaji akaniuliza.

"Ya gemu."

"Basi wewe ni wa hii, kaka. Feni mbili, GB 8."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa RX 580, kadi ya mwaka 2017, nzito, yenye feni mbili zinazokutazama kama macho ya bundi. Nikauliza bei, nikauliza gwaranti, nikauliza kama risiti ipo. Swali moja sikuliuliza, nalo ni lile ambalo hata mnunuzi wa viatu vya mtumba hulianza nalo.

Nyumbani nikafungua kijisanduku cha kompyuta, nikaiweka kadi juu yake, na hapo nikafundishwa somo la kwanza la fani hii. Kadi ya kawaida ina bamba la chuma la kama sentimita 12, lile linalofungwa kwa skrubu nyuma ya mashine. Vijisanduku vyembamba vina nafasi ya bamba la sentimita 8 hivi. Nilijaribu kuiinamisha. Nilijaribu kuiingiza kwa nyuma. Nikaomba bisibisi kubwa zaidi, kana kwamba bisibisi kubwa hupunguza kimo cha kitu. Upande wa pili mkia wa kadi ukagota kwenye kikapu cha diski, nikakifungua kikapu na kukiweka kando. Kitanda kisipopita mlangoni walau unakifungua vipande. Kadi haifunguliwi.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake pembeni, anashona sare za harusi ya watu. Ana pini tatu mdomoni. Bila kuinua kichwa akaniuliza neno moja:

"Ulipima?"

Swali hilo nikaliruka. Nikaamua kifuniko si cha lazima, kwani nani hukagua vifuniko? Nikaichomeka kadi kwenye mashine iliyo wazi, ikasimama wima kama jino lililochelewa kung'oka. Hapo ndipo nilipouona mdomo wake pembeni, wenye matundu manane, unadai waya wa umeme. Nikautafuta waya huo ndani ya mashine. Haukuwapo, wala haukuwahi kuwapo.

Fundi wa simu wa jirani akaniambia si tatizo, tutaunga. Yeye kila kitu kwake ni cha kuunga. Ila mpwa wangu, aliyekuwa amekaa kimya kwa adabu, akanionyesha kibandiko kwenye pawa saplai: wati 240, na hizo ni za mashine nzima, prosesa, diski, feni na wote waliomo. Sloti ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 basi. Kadi yangu peke yake, ikikolea kazi, inataka 185.

"Ni kama kuchomeka pasi kwenye taa ya sola, mjomba."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwamba hakualikwa Kariakoo.

Safari ya pili nikamwalika. Njiani, tukiwa tumesimama kwenye daladala, akanipa darasa ambalo nilipaswa kulilipia. Kijisanduku chembamba hakiulizi kadi ina nguvu kiasi gani. Kinauliza kwanza: una kimo gani? Pili: unakula wati ngapi, na je, zile 75 za sloti zinakutosha bila waya wa pembeni? Tatu: una unene gani, sloti moja au mbili? Atakayevuka milango hiyo mitatu ndiye anayeruhusiwa kujisifu kwa nguvu zake.

Watahiniwa wanaofaulu ni wachache. Yupo GT 1030, anayekula wati 30 tu, mpole, anafaa kwa filamu, lakini kwenye gemu anachoka mapema. Tena ana pacha wa jina: mmoja ana memori ya GDDR5, mwingine ya DDR4, na huyu wa pili ni goigoi kupita kiasi, ilhali dukani wote wanaitwa jina moja. Yupo RX 6400 wa mwaka 2022, wati 53, mwembamba wa sloti moja. Sifa nzuri, ila anazungumza na mazabodi kwa njia nne tu badala ya 16, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani yenye njia za mwendo wa chini anakwama kwenye foleni kama basi lililonyimwa njia yake. Yupo RTX 3050 wa GB 6, wa mwaka 2024, wati 70. Huyo ndiye kijana wa ndoto. Nilipotajiwa bei yake nikaomba kiti.

Tukabaki na GTX 1650 fupi, ya mwaka 2019, wati 75 bila waya wa pembeni, GB 4. Imetumika, lakini inapumua. Ina unene wa sloti mbili, nasi sloti ya pili hatukuwa na kazi nayo. Muuzaji alipoitoa, mpwa wangu akauliza, "Bamba lake fupi lipo?" Maana kadi fupi nyingine huuzwa zikiwa zimefungwa bamba refu, na lile fupi lilishapotea na boksi lake. Likatafutwa, likapatikana kwenye droo ya skrubu. Kisha akatoa flashi mfukoni, akaomba kadi ichomekwe kwenye mashine ya dukani, akafungua programu iitwayo GPU-Z. Tangu mwaka 2018 programu hiyo huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ya zamani iliyobadilishwa programu zake ijifanye mpya. Yetu haikuandikwa kitu. Muuzaji akamtazama kijana, akanitazama mimi, nikajua ananihurumia.

Ile ya kwanza nikairudisha kwa hasara. Kiasi cha hasara hiyo mke wangu hajakijua, na naomba msomaji anisitiri.

Jumamosi jioni kadi ikaingia kijisandukuni, kifuniko kikafunga "ta!", sauti ambayo niliisikia kwa moyo. Majirani wakaja. Mpira ukaanza. Nyasi zilionekana moja moja, wavu ukatikisika kwa wakati wake, golikipa akaruka siku ileile. Dakika ishirini nilikuwa mtu mkubwa katika mtaa wangu.

Kisha likaanza kama upepo wa mbali. Jirani mmoja akauliza kama kuna mtu anasaga juisi. Feni ya kadi ilikuwa inalia, picha zikaanza kukwama, na mchezaji wangu akabaki hewani mguu mmoja kama sanamu ya askari. Mpwa akaangalia: nyuzi 84. Akasema kadi ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua.

Nikalaumu draiva. Nikalaumu umeme wa jioni. Nikamlaumu muuzaji, babu yake na Kariakoo nzima. Mpwa akapiga magoti, akachungulia ndani ya tundu la kabati, akanyamaza. Kisha akanyoosha kidole.

Juu ya kijisanduku, kimetandazwa vizuri na ncha zake zikining'inia pande zote, kilikuwa kitambaa cha kufuma. Cheupe, chenye maua ya njano. Kazi ya mikono ya mama mkwe wangu, zawadi ya harusi. Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi: runinga ina chake, friji ina chake, jagi la maji lina chake. Mke wangu alikuwa amekivika kijisanduku nguo ya heshima kwa ajili ya wageni, na matundu yote ya kupumulia yakawa yamefunikwa maua.

Jambo la kiufundi lilikuwa rahisi: kiondoe kitambaa. Jambo la kijamii lilikuwa zito, kwa sababu mwenye kitambaa alikuwa amekaa kwenye kochi letu, amekuja kusalimia wajukuu, na macho yake yalikuwa palepale.

"Kuna nini, baba?" akauliza.

Nikamweleza kwa unyenyekevu wote Mungu alionijalia. Kwamba kitambaa ni kizuri mno. Kwamba mashine hii, mama, ina kifaa kipya kinachotoa joto, na joto lake hutokea juu, hapa, na hewa baridi huingilia mbele, pale. Nikasita. Sebule nzima ikanyamaza, hata feni.

Mama hakukasirika. Akafungua mkoba, akatoa uzi na sindano yake ya kufumia, akajisogeza mbele kwenye kochi.

"Nitakufumia kingine, kiwe na tundu," akasema. "Lenye ukubwa gani?"

Nikageuka kumtazama mke wangu. Tayari alikuwa ameshika futi yake ya kushonea mkononi, ananisubiri. Mpwa alikuwa anatazama dari.

Nami, baada ya yote hayo, nikasikia mdomo wangu unajibu, "Kama sahani hivi, mama."

"Sahani ya chai," akauliza, "au ya pilau?"