Kikoba Kilivyogandia Sebuleni

Mwezi wa kumi Songea ni mwezi wa vumbi na hesabu. Mahindi yameshauzwa, mengine kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mengine kwa walanguzi, na mvua za kupandia zinanukia nyuma ya milima ya Matogoro. Kila mwanamke wa kikoba chetu hapa Bombambili anataka hisa zake mkononi kabla hajachelewa kununua mbolea ya DAP. Na hisa zote, riba zote, faini za wachelewaji na mfuko wa jamii vilikuwa ndani ya kompyuta yetu ya mezani, kwenye Excel, kwa sababu katibu ni mimi na daftari la karatasi mchwa walishalimaliza.

Kompyuta yenyewe ni mtu mzima. Baba Neema aliinunua Kariakoo, mtumba, ikasafiri kwenye buti la basi karibu kilomita elfu moja kupitia Iringa, Makambako na Njombe, ikashuka stendi na Windows 7 yake na gigabaiti mbili za RAM zilizoandikwa kwenye risiti. Imeishi enzi ambazo mji huu uliwashwa na jenereta za dizeli. Siku hizo kila ikizimika tuliulaumu umeme. Gridi ya taifa ilipofika kutoka Makambako, kisingizio hicho kikafa.

Wiki ya kuvunja kikoba ndiyo iliyochagua kuganda. Unabofya, unakwenda jikoni kuonja mboga, unarudi, kishale bado kinazunguka. Kile kitaa cha diski pale mbele ya sipiyu, ambacho kawaida kinapepesa, kilikuwa kinawaka moja kwa moja, na ndani kunakwaruza. Hatimaye likatokea tangazo la Kiingereza: kumbukumbu imebaki kidogo, hifadhi kazi zako, funga programu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Nikiwaza yaliyofuata sebuleni kwangu, naona jitihada ile ilistahili kuendelezwa hadi kwenye matangazo ya hatari, kwa maana kila mwanaume aliyesoma lile letu alitoka na tafsiri yake.

Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba.

"Imejaa," alisema Baba Neema. "Mama Neema, mapicha yenu haya."

Akaketi, akaanza kufuta. Ukiona mume anafuta picha usiku, kaa karibu. Harusi ya dada yangu kule Peramiho ilionekana nzito kupita kiasi. Kipaimara cha Neema kikahamia kwenye flashi. Hotuba ya baba yake mdogo kwenye mahafali, dakika arobaini za mtu kushukuru meza kuu, ikasalimika. Alipomaliza, diski ilikuwa na nafasi ya kutosha kuweka harusi za ukoo mzima, na kompyuta ikawa inaganda vilevile.

Akaitwa shemeji. Shemeji yangu alisoma kozi ya kompyuta mjini, na cheti chake amekitia fremu. Alifika na bodaboda, flashi ikining'inia shingoni, akatangaza kwamba ni virusi. Tulikuwa na antivairasi tayari; akaongeza ya pili juu yake, zikaanza kuchunguzana zenyewe kwa zenyewe. Akaongeza programu ya kusafisha takataka, nayo ikajipachika hapo inasafisha. Mwisho akagundua faili kubwa ajabu, pagefile, lisilofunguka. "Hili ndilo linalowala," akasema, akaingia ndani ya mipangilio ya mfumo, akalizima. Kisha akala ugali akaondoka.

Kuanzia hapo kompyuta haikuganda tena. Ilifunga. Unaandika hisa za watu, Excel inaondoka bila kuaga. Ilinirudishia nakala ya kuokoa, lakini safu moja ilipungua, na safu yenyewe ilikuwa ya yule mama wa duka la Lizaboni ambaye hata salio likiwa sawa huomba lihesabiwe upya.

Fundi wa mjini aliposikia kisa kwenye simu hakuuliza hata swali. "Mama, lete tupige Windows upya, tukuwekee 10." Neema, ambaye yuko kidato cha tatu na muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo, akasema, "Baba, lakini hamjaangalia nani anaitumia hiyo kumbukumbu."

Akaambiwa akaoshe vyombo.

Alivyomaliza vyombo alirudi, baba yake yuko nje na redio. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likafunguka dirisha lenye majina ya programu zote zilizokuwa zikiendeshwa muda huo, na mbele ya kila jina kiasi cha RAM kilichoshikwa. Ikawa sensa. Antivairasi mbili. Kisafishaji cha shemeji. Programu ya printa tuliyoiuza zamani, bado inaisubiri printa yake. Programu ya matokeo ya mpira, shemeji tena. Biblia ya Baba Neema, inayojifungua yenyewe kila asubuhi ikingoja msomaji. Na chini kabisa kitu cha kupakua tamthilia za Kikorea, ambacho Neema alikipita haraka mpaka nikamrudisha.

Kilichomshtua yeye ni namba ya chini. Jumla ya RAM: gigabaiti moja pungufu kidogo. Risiti ilisema mbili. Windows 7 ya biti 32 inadai gigabaiti moja kama kima cha chini kabisa, yaani kuwaka tu, kabla hujafungua chochote. Sisi tulikuwa tunaendesha nyumba nzima juu ya kima cha chini.

Bibi, mama mkwe wangu, alikuwa kwenye kochi anapukuchua mahindi ya mbegu. Akataka kujua tunachunguza nini. Neema akamwelezea kwa lugha ya msimu: diski ni ghala, RAM ni turubai la kuanikia pale uani. Mahindi hata yawe mengi vipi ghalani, ya kushughulikia leo lazima yatandazwe kwenye turubai. Turubai likijaa, mashine inayasogeza mengine kwenye kona ya ghala iliyotengwa, kisha inayafuata tena yakihitajika, na safari hizo za kwenda na kurudi ndizo zinazokwaruza na kukiwasha kile kitaa. Kona hiyo ndiyo pagefile.

Bibi alipukuchua gunzi lile hadi likaisha.

"Sasa turubai ndilo limejaa," akasema, "baba yako akaenda kutoa vya ghalani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mdogo wake akafunga ile kona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwite baba yako."

Mtu akiitwa na mama yake hakuna redio. Baba Neema alisimama pale akaelezwa mambo na mama mzaa chema ambaye hajawahi kushika kipanya. Nitamtetea kidogo: diski iliyojaa kabisa nayo huleta tangazo lilelile, maana kona haipati pa kutanukia. Ila yetu haikuwa imejaa, na harusi ya dada yangu ilikuwa imeshapotea.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya bisibisi. Neema alichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, akagusa bati la sipiyu kabla ya kugusa kingine chochote, akafungua. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la Bombambili, unga wa jikoni na familia ya mende iliyokuwa ikiishi kwa joto letu. RAM ni vibao viwili vyembamba vilivyosimama kwenye nafasi zake. Kimoja kilikuwa kimekaa. Cha pili kilikuwa kimeinuka upande mmoja kwa unene wa ukucha, labda tangu siku tulipohamisha meza, na meno yake ya rangi ya dhahabu yamefubaa. Akayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akakirudisha mpaka vishikio vya pembeni vikalia "ta".

Akawasha. Kioo cheusi, na sipiyu ikaanza kulia bip, bip, bip.

"Nilijua," alisema Baba Neema, kwa mara ya kwanza jioni hiyo akiwa na furaha.

Ile milio ndiyo sauti ya mashine isiyoiona RAM yake. Neema akazima, akachomoa waya tena, akasukuma kibao cha pili kwa vidole gumba vyote viwili, akawasha. Gigabaiti mbili. Akairudisha pagefile, akaiachia Windows yenyewe ipange ukubwa wake. Antivairasi moja ikaondolewa, kisafishaji kikaifuata.

Kuhusu zile zinazoamka asubuhi ndipo palipokuwa na mkutano. Printa haikuwa na mtetezi. Biblia ilibaki, ila ifunguliwe na mwenyewe, jambo ambalo Bibi aliliunga mkono kwa sauti kubwa. Tamthilia za Kikorea ziliondoka kimyakimya kwa makubaliano ya mama na binti. Shemeji alipigiwa simu kuhusu mpira, akaomba nusu saa afikirie, akapewa dakika mbili.

Jumamosi tulivunja kikoba. Safu ya mama wa Lizaboni niliijenga upya kutoka kwenye jumbe za miamala ya simu, nikachapisha steshenari, akahesabu mara mbili, akasema shilingi mia tano ya faini si yake. Ilikuwa yake.

Baba Neema lakini alikuwa amewashwa. Jumatatu alikwenda mjini bila kuniaga, akarudi na kibao cha RAM cha gigabaiti nne kwenye kimfuko kinachong'aa, tuongeze turubai. Kilikuwa DDR3. Yetu ni DDR2. Vyote vina pini 240 na urefu sawa, hata muuzaji ukimpa mgongo anaweza kukuchanganyia, lakini ule mkato wa katikati haukai mahali pamoja, na umeme vinaoutumia ni tofauti: volti 1.8 kwa DDR2, volti 1.5 kwa DDR3. Alikijaribu, kikagoma, akakaza bega. Bibi akasema kutoka kwenye kochi, "Kisichoingia, baba, kiache."

Neema akaongeza kwamba hata kingeingia, Windows ya biti 32 haivuki gigabaiti nne jumla, kwa hiyo kingelala nusu. Hakuambiwa akaoshe vyombo.

Muuzaji alikataa kukipokea. Kimewekwa kabatini, kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja, na Baba Neema ameanza kuulizia bei ya kompyuta inayokifaa.