Mhadhara wa Hitimisho la Papo kwa Papo

Mwangaluka, wanzengo! Wazee wangu, mama zangu wa hapa Kiloleli, na ninyi vijana wa bodaboda mlioegesha vibaya, kaeni kitako. Mbele yenu amesimama Gwiji, Mbobezi na Mtaalamu Mwandamizi wa Habari Zilizotufikia Hivi Punde. Cheo hiki hakuna chuo kilichonipa. Nilijisaili mwenyewe, kwa ukali, nikajikuta nimefaulu.

Leo natibu ugonjwa uitwao "tusubiri taarifa kamili". Tusubiri ili iweje? Ukweli una tabia mbaya ya kuchelewa. Unafika simu imeshazima chaji na watu wameshahamia kwenye bei ya pamba.

Chukueni ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani pale Bukoba, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndani walikuwemo watu 43. Taarifa za mwanzo zikasema waliookolewa ni 26. Nikatoa 26 kwenye 43, nikapata 17, nikarusha kwenye makundi yote, la harusi likiwemo. Baadaye ndiyo tunaambiwa walionusurika ni 24, waliofariki 19. Na wale wawili je? Eti hawakupanda ndege kabisa. Waliumia wakati wa uokoaji, wakalazwa pamoja na abiria, wakahesabiwa humo humo. Jamani! Mtu yuko wodini, amelowa chapachapa, bado mnamdai tiketi? Kwa kanuni zangu, aliyelowa ni abiria. Kupitia orodha jina kwa jina ni kazi ya watu wasio na bando. Na kama kuna familia zilizojipa moyo kwa ile 26 yangu, shukrani zao nazipokea hata leo.

Kivuko cha MV Nyerere nacho kilinitia doa. Kilipinduka karibu na Ukara, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018. Ijumaa nikafunga jalada: humo ndani hakuna aliye hai. Jumamosi wazamiaji wakamtoa mhandisi wa kivuko, mzima, alikokuwa amejibanza karibu na injini mahali palipobaki hewa. Ninamheshimu sana ndugu yule, ila hakunishirikisha.

Mnauliza ushahidi naupata wapi. Mimi natumia ujumbe wa sauti. Mtu anahema, kuku wanalia nyuma yake, anasema "huku hali ni mbaya". Mnataka nini zaidi? Anayehema amekimbia, na aliyekimbia ametoka kwenye tukio. Kuku ni mashahidi wa ziada.

Waoga watawatajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: taarifa za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo maana chini ya kila ninachorusha naandika "nimeipokea kama ilivyo". Wakili wa nini tena?

Hata Wamarekani ni wanafunzi wangu, ingawa walinitangulia kuzaliwa. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune liliwahi mitamboni likatangaza kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, Truman ndiye mshindi, akapigwa picha analiinua gazeti lile huku anacheka. Watu wanasema gazeti liliaibika. Liliaibika wapi? Magazeti yaliyosubiri kura ziishe siku ile, nani kati yenu anaweza kunitajia hata moja?

Naona mkono umeinuliwa pale nyuma. Mama, maswali ni baada ya... Nini? Lori la pamba limelala barabarani? Mmesikia, wanzengo! Mwendokasi, breki zimekatika, na dereva, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa amelewa. Kijana, rusha haraka kabla hawajatuwahi.

Unasemaje? Halijalala, limesimama tu? Dereva yuko chini ya gari, anabadilisha tairi, na anaomba tumwazime jeki?

Usifute, kijana. Ongeza: amefufuka.