Picha Mia Mbili na Beberu Mmoja

Muscat, Jumapili

Kwa Baba, Mama, Bibi, Baba Mdogo na wote wa Gorong'a,

Mimi mzima, ila joto la huku linanikaanga. Natumaini tembo wa Serengeti wamewaachia angalau mahindi ya kuchoma.

Nimesoma malalamiko yenu kwenye kundi la ukoo. Nilituma picha mia mbili na tatu za ngome ya mji wa Nizwa, nanyi mkajibu kwa swali moja: "Wewe mwenyewe uko wapi?" Mama akaongeza kwamba amezikagua zote akidhani nimejificha nyuma ya milango. Mama, sikujificha. Nilikuwa nyuma ya kamera.

Kamera yenyewe ni ile niliyoidundulizia miezi minane. Bei nitawaambia siku ambayo Baba atakuwa ameketi. Ina lenzi mbili na stendi ya miguu mitatu. Nilipotoka nayo mara ya kwanza, jirani aliniuliza ni kiwanja cha nani ninakwenda kupima.

Sasa niwaeleze mlichokiona. Lile "tangi la maji" la Baba Mdogo ni mnara. Aliujenga Imamu Sultan bin Seif, yule aliyewatimua Wareno hapa Muscat mwaka 1650, na kazi ilichukua miaka kama 12. Ni wa duara kama msonge wa Bibi, ila chini umeshindiliwa udongo na mawe, mizinga ipige mpaka ichoke. Na kwa taarifa yako, Baba Mdogo, watu wa mwanawe, Seif, ndio walioiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Kumbe miaka yote ile uliyokaa Mombasa ulikuwa unauza madafu mlangoni kwa mtoto. Mimi nimefika kwa baba mtu.

Hayo "mashimo ya panya" juu ya milango nayo si ya panya. Adui akipanda ngazi nyembamba na kukwama mlangoni, alimwagiwa asali ya tende inayotokota. Kuna chumba ambamo magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, yakajikamua kwa uzito wake, asali ikatiririka kwenye mifereji ya sakafuni. Bibi, najua utasema kumwagia mwizi asali ni kumtunza. Sikiliza vizuri: inachemshwa kwanza.

Mkasa ulinipata nje. Ijumaa asubuhi na mapema kuna mnada wa mifugo karibu na ngome. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwenye duara, anayempenda mnyama anamsimamisha na kumpapasa. Mimi macho yalikuwa mnarani. Lenzi pana inameza ngome nzima, lakini ukiielekeza juu, mnara unalala nyuma kama mlevi wa gongo. Dawa yake ni kuishika kamera sawasawa na kurudi nyuma. Nikarudi. Nikarudi tena. Nikaingia mnadani. Kamera iko mkononi, stendi nimeisimamisha kando, beberu mmoja akapita katikati ya miguu yake na kuondoka nayo shingoni.

"Mshikeni huyo!" nilipiga yowe, kwa Kiswahili, kana kwamba niko Tarime.

Mzee mmoja wa kanzu akamdaka pembe, akanijibu kwa lafudhi ya Unguja: "Mbuzi kakosa nini? Weye ndo umemtegea."

Kazaliwa Unguja, kama wazee wengi wa huku. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Gorong'a. Akafikiri kidogo: "Hiyo iko upande wa Pemba?"

Kisha akaitazama kamera yangu. "Na weye, nani anakupiga?" Mama, nilidhani mmeongea. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanipiga.

Kidole chake kimeziba kona, kilele cha mnara kimekatwa, nami nimeshika kamba ya beberu aliyevaa stendi yangu kama mkufu. Niliificha kwa aibu. Leo naituma. Mama, isafishe hiyo uitundike sebuleni.

Nawe Baba, najua utaikuza umtazame beberu, si mimi. Si wangu. Ila bei niliiuliza, nikapiga hesabu: kwa pesa ya ile kamera ningepata mbuzi wa kutosha kuanzishia zizi.

Ndiyo maana bado nasubiri uketi.

Mwanenu